Maneno ya ziada katika Kiingereza: yanabadilisha maana au yanajaza nafasi tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni nafundisha Kiingereza watu wazima, mchana natafsiri mikataba na barua za ofisi. Maswali haya ni yale yanayorudi kila muhula, kutoka kwa wanafunzi na kutoka kwa wateja. Si lazima uyasome yote kwa mfuatano. Pale jibu linapotegemea jingine nimetaja namba yake.

## Mwanzo

1. Neno la ziada ni lipi hasa?

Ni neno ambalo maana yake imekwisha bebwa na jirani yake. "Free gift": zawadi gani inalipiwa? "End result": matokeo huja mwisho. "Return back": kurudi ni kurudi. Kiswahili nacho kimejaa haya: shuka chini, panda juu, ingia ndani, toka nje. Hakuna aliyewahi kushuka juu.

Lakini sikiliza vizuri. Mtu amesimama njiani amekuziba, unamwambia "toka". Akisogea hatua moja, amekutii. Ukimwambia "toka nje", lazima avuke mlango. Neno tuliloliita la ziada limeongeza mlango mzima. Ndiyo maana sikubali mtu anapoamua kwa kutazama kamusi peke yake.

2. Kwa kifupi: yanabadilisha maana au hayabadilishi?

Mengine hayabadilishi chochote. "Due to the fact that" na "because" zote ni "kwa sababu", ila ya kwanza ni ndefu. Mengine yanabadilisha uzito tu: "each and every student" inakaza kuliko "every student", lakini wanafunzi ni walewale. Na mengine yanabadilisha maana yenyewe, hata kufikia pesa na kifungo. Tatizo ni kwamba kwa macho yote yanafanana.

3. Nitajuaje neno langu liko upande gani?

Lifute, kisha jiulize: kuna mtu ambaye sasa anaweza kunielewa vingine? Akiwepo hata mmoja, neno lilikuwa na kazi.

Chukua "Amina said Rehema took her car." Gari la nani? La Amina, la Rehema, huenda la mtu wa tatu. Andika "her own car" na gari ni la Rehema. Kamusi itakwambia "her" tayari ni umiliki na "own" ni umiliki tena. Msomaji atakwambia bila "own" hajui nani kaibiwa.

Au "The police shot him" na "The police shot him dead." Kwa sentensi ya kwanza familia inaweza kukimbilia hospitali.

4. Kwa nini msikilizaji hutafuta maana hata kwenye neno lisilo na maana mpya?

Kwa sababu anaamini hukupoteza pumzi bure. Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice alilieleza hili katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967, iliyochapishwa 1975: wazungumzaji hutarajiana kusema kiasi kinachotosha, na mmoja akizidisha, mwenzake anauliza kimoyomoyo kwa nini. Mfano wake ni mhakiki wa muziki ambaye badala ya kuandika kwamba bibi fulani aliimba wimbo, anaandika kwamba alitoa mfululizo wa sauti zilizokaribiana sana na noti za wimbo huo. Juu juu ni kitu kilekile. Lakini kila msomaji anaelewa kwamba kuimba kwenyewe kulikuwa kubaya.

Ndiyo siri ya "war is war" na "boys will be boys", na ya kwetu "mama ni mama" na "mtoto ni mtoto". Kwa hesabu za mantiki sentensi hizo hazisemi kitu. Jaribu kumwambia mtu "mama ni mama" baada ya kulalamika juu ya mama yake, uone kama hajasikia kitu.

5. Basi kurudia maana ni kosa la sarufi?

Hapana. Tazama "watoto wawili wadogo wamelala". Wingi umetajwa mara nne kwa "wa-", na juu yake kuna namba yenyewe, lakini hakuna anayesema Kiswahili kinarudiarudia ovyo. Lugha zote zina akiba hii. Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, alikadiria mwaka 1948 kwamba karibu nusu ya Kiingereza cha kawaida kinachoandikwa ni akiba ya namna hiyo, yaani kinalazimishwa na muundo wa lugha wala si uchaguzi huru wa mwandishi. Akiba ndiyo inayokuwezesha kumwelewa mtu anayekupigia simu akiwa stendi ya mabasi, nusu ya maneno yakipotelea kwenye honi.

## Maneno madogo yenye kazi kubwa

6. "Whether" inatosha, au niandike "whether or not"?

Inategemea. Katika "I don't know whether she will come", ukiongeza "or not" hujabadilisha kitu. Katika "I will go whether or not it rains", ukiifuta "or not" sentensi inavunjika. Kipimo ni Kiswahili chako mwenyewe: ikitafsirika "kama", "or not" ni ya hiari. Ikitafsirika "iwe isiwe" au "inyeshe isinyeshe", ni ya lazima.

7. Je, "that" inaweza kufutwa kila mara?

Hapa ndipo naona madhara mengi. Walimu husema "that" ni ya hiari baada ya "say", "think" na "believe", na ni kweli kwa sentensi fupi. Sasa soma: "The doctor said on Monday the patient could go home." Jumatatu ni siku ambayo daktari alizungumza, au ni siku ya mgonjwa kuruhusiwa? Huwezi kujua. "Said on Monday that" ni siku ya kuzungumza. "Said that on Monday" ni siku ya kuruhusiwa. Kineno kimoja kikihama nafasi mbili, ndugu wanakuja na teksi siku isiyo yake.

Pia kuna "I believe the witness lied." Msomaji akifika kwenye "witness" anadhani unamwamini shahidi, kisha anagongana na "lied". "That" inamwokoa asirudi nyuma.

8. "In order to" ina tofauti na "to"?

Mara nyingi hapana, na "to" inapendeza zaidi. Ila angalia "She left the children to work in Dubai." Nani anakwenda kufanya kazi Dubai, mama au watoto? Nimeikuta sentensi ya aina hii kwenye barua ya kuomba viza. Kwa "in order to work", kazi inabaki kwa mama.

9. "Eat up", "drink up", "burn down": hizo "up" na "down" zinaongeza nini?

Zinaongeza ukamilifu. "She drank the milk" inaweza kuacha maziwa kidogo kikombeni, "she drank up the milk" haiachi. "The house burned" inakubali kwamba moto ulizimwa na kuta zipo. "Burned down" maana yake hakuna nyumba tena. Ukiandika fomu ya bima, chagua kwa uangalifu.

10. Na "at all", na "do" kabla ya kitenzi?

Zinafunua kilichomo moyoni mwa msemaji. "Did you sleep?" ni swali la asubuhi. "Did you sleep at all?" linaulizwa na mtu anayeona macho yako mekundu. "I paid" ni taarifa, "I did pay" ni jibu kwa aliyekwambia hukulipa. Kwenye barua ya malalamiko, "did" moja inayokaa mahali pake ina nguvu kuliko herufi kubwa na alama tatu za mshangao.

## Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki

11. Tunachekwa kwa "return back", "repeat again", "discuss about" na "can be able". Ni makosa?

Maana haibadiliki, na nani asiyeelewa? Lakini kwenye mtihani au maombi ya kazi yafute, kwa sababu anayesahihisha atayahesabu. "Can" ni uwezo na "be able" ni uwezo, hivyo chagua moja. "May be able" na "will be able" ni sawa kabisa, kwa kuwa "may" na "will" zinaleta kitu kingine. "Discuss" inabeba "kuhusu" ndani yake, tofauti na "jadili" yetu inayokubali "kuhusu" bila kinyongo. "Repeat again" ninaitetea pale jambo linaporudiwa kwa mara ya pili.

Wala usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Wamarekani wanasema "off of" na "meet with" kila siku. Hiyo ya pili imekwisha jipatia maana yake: "I met the minister" inaweza kuwa mlikutana kwenye lifti, "I met with the minister" ni kikao mlichokaa.

12. "PIN number" na "ATM machine" je?

Herufi ya mwisho ya PIN ni "number" na ya mwisho ya ATM ni "machine", kwa hiyo unasema namba namba na mashine mashine. Sisi tunasema "virusi vya VVU", na V ya kwanza ni virusi. Ziwa Nyasa nalo jina lake ni ziwa mara mbili, maana "nyasa" ni neno la wenyeji lenye maana ya ziwa. Maana haiharibiki. Kifupisho kikizoeleka kinageuka jina, na watu hawakumbuki tena herufi zake zilisimamia nini.

13. "3 a.m. in the morning" ni sahihi?

Futa kimoja. Lakini "12 noon" na "12 midnight" usiziguse, kwa kuwa "12 a.m." na "12 p.m." zinawachanganya hata Waingereza wenyewe. Kwetu sisi ambao saa sita ni saa sita mchana na usiku, neno "noon" kwenye tiketi ni msaada halisi.

14. Kwenye fomu ya hospitali nimeona "past medical history". Historia si ya zamani tayari?

Swali zuri, na jibu linaonyesha kwa nini fani ziheshimiwe. Kwa daktari, "history" ni maelezo anayoyapata kwa kumhoji mgonjwa. Kuna historia ya ugonjwa uliomleta leo, ya familia, ya maisha yake, na ya magonjwa aliyougua zamani. "Past" inatenga hiyo ya mwisho. Ukiifuta umeunganisha mafaili mawili.

## Mikataba na mahakama

15. Kwa nini sheria za Kiingereza hupanga maneno mawili-mawili: "goods and chattels", "breaking and entering", "will and testament"?

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na Kilatini kilikuwa tayari lugha ya kanisa na kumbukumbu. Sheria iliyopitishwa 1362 ilitaka mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kumbukumbu zikibaki Kilatini, na mawakili wakaendelea kutumia Kifaransa chao cha sheria kwa karne kadhaa baadaye. Katika hali hiyo ilikuwa salama kuandika kitu kwa lugha mbili kwa pamoja. "Goods" ni Kiingereza cha kale, "chattels" ni Kifaransa, na yote mawili ni mali. "Will" ni Kiingereza cha kale, "testament" imetoka Kilatini.

Si jozi zote zilizaliwa hivyo. Nyingine zilikuja kwa sababu ya mdundo tu, na nyingine zilikuwa na tofauti halisi ambayo leo haionekani kwa haraka.

16. "Null and void" ina tofauti na "void"?

Kisheria hakuna. Maneno yote mawili yaliingia Kiingereza kupitia Kifaransa na yote ni batili. Uzito ndio unaoongezeka. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, iliyaita "invalid, null and void". Lingetosha neno moja. Lakini pale mahakama inapofuta uchaguzi wa nchi nzima, sioni ubaya wa kupigilia msumari mara tatu.

Neno la kuogopa ni "voidable". Mkataba ulio "void" haukuwahi kuwepo, ulio "voidable" unaishi mpaka mwenye haki ya kuuvunja auvunje.

17. "Jointly and severally" je? Si ni "sote pamoja" tu?

Sivyo, na naomba usome jibu hili hadi mwisho, hasa kama umeombwa kumdhamini mtu.

Mama mmoja darasani alinijia na karatasi ya mkopo. Walikuwa wadhamini watatu, deni milioni tisa. Alikuwa amepiga mstari kwa penseli chini ya neno moja. "Mwalimu, hii 'severally' inatoka kwenye 'several', si ndiyo? Yaani tuko wengi?" Hesabu yake ilikuwa milioni tatu kila mmoja. Nikamwambia, mama, hapa "severally" maana yake ni kila mmoja kivyake. Penseli aliiweka chini.

Likiandikwa "severally" peke yake, kila mdhamini anadaiwa fungu lake. Likiandikwa "jointly" peke yake, deni ni moja la wote, na kwa kanuni za zamani za Kiingereza mdai alitakiwa awashtaki wote kwa pamoja. Yakiandikwa yote mawili, mdai anaweza kumfuata yeyote kati yenu, peke yake, kwa milioni tisa zote. Atamfuata yule mwenye nyumba. Mengine mtamalizana wenyewe kwa wenyewe.

Maneno matatu, na katikati yake ni "na". Mtafsiri anayeandika "kwa pamoja" akaishia hapo ameficha hatari yote. Mimi huandika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa deni lote".

18. Hakimu anaweza kusema neno fulani halina kazi?

Anaweza, lakini anaanza upande wa pili. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliyarithi, kila neno la sheria huchukuliwa kuwa liliwekwa kwa sababu. Anayedai ni la ziada ana kazi ya kueleza.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya jimbo la Maine, Marekani: O'Connor dhidi ya Oakhurst Dairy, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2017. Madereva wa kampuni ya maziwa walidai malipo ya saa za ziada. Sheria iliwanyima malipo hayo wanaofanya kazi kadhaa za vyakula, na orodha iliishia na "packing for shipment or distribution". Dunia nzima iliiita kesi ya koma, kwa kuwa hakukuwa na koma kabla ya "or". Lakini nusu ya mabishano ilikuwa swali letu. Kampuni ilisema: "shipment" na "distribution" ni kitu kimoja, hivyo kufungasha kwa ajili ya yote mawili kungekuwa marudio. Kwa hiyo "distribution" inasimama peke yake kama kazi, na hiyo ndiyo kazi ya madereva. Madereva wakajibu: si kitu kimoja. "Shipment" ni kumkabidhi msafirishaji wa nje, "distribution" ni kusambaza mwenyewe. Yote mawili yanaeleza kufungasha, na sisi hatufungashi.

Mahakama ikaona sheria ina utata, na kwa kuwa Maine inataka utata wa aina hiyo uamuliwe kwa faida ya mfanyakazi, madereva wakashinda. Mwaka 2018 wakapatana kwa dola milioni 5. Yote hayo kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kama maneno mawili ni mapacha au ni ndugu tu.

19. Kiapo cha "the truth, the whole truth, and nothing but the truth" kinarudia?

Kinafunga milango mitatu. Wa kwanza unazuia uongo. Wa pili unazuia kuficha nusu ya jambo. Wa tatu unazuia kuchanganya ukweli na nyongeza za shahidi. Pitisha kipimo cha swali la 3 utaona kila ukifuta kipande, mjanja mmoja anapata pa kupita.

20. Ninapotafsiri, niyabebe maneno yote mawili?

"Null and void" naandika "batili", basi. "Terms and conditions" Kiswahili kimekwisha ipokea kwa pacha yake, "vigezo na masharti kuzingatiwa", kila mwisho wa tangazo la redio. Kwenye mkataba wenyewe kuwa mwangalifu: katika sheria ya Kiingereza "term" ni kipengele chochote cha mkataba, na "condition" ni kile ambacho kikivunjwa, aliyeumizwa anaweza kujitoa kabisa. Tangu Tanzania ilipopitisha mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, uamuzi huu si wa watafsiri wachache tena.

## Maswali ya pembeni

21. IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, inataka insha ya maneno 250. Nijazie?

Usijazie. "At this point in time" badala ya "now" inakupa maneno manne zaidi na haikupi alama. Ongeza mfano mmoja wa kweli na nafasi itajaa yenyewe.

22. "Not unhappy" ni sawa na "happy"?

Hapana, ingawa kwa hesabu hasi mbili zinafutana. Ni yule unayemuuliza kazi inaendaje akakujibu "si vibaya". Lakini "I didn't see nothing", katika lahaja nyingi za Kiingereza, ni kukaza tu. Msemaji hakuona kitu. Kukaza kwa kurudia ni kwa zamani sana: Shakespeare alimpa Antony maneno "most unkindest" katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, na enzi zile hakuna aliyeliona kosa.

23. Nimesikia vijana wakiuliza "Do you like him, or do you like-like him?"

Neno la pili linachagua maana halisi kabisa ya lile la kwanza: kupenda kwa mapenzi, si kwa urafiki. Wanaisimu waliandika makala nzima juu yake mwaka 2004, wakitumia mfano wa "salad-salad", yaani kachumbari ya majani, si ya samaki wa kopo. Sisi tuliozoea "sawasawa" na "maji maji", ambako kurudia huleta maana mpya, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

24. Nahariri hati ya mtu mwingine. Nikate ninaloliona la ziada?

Kwenye barua, tangazo au insha, kata bila woga, baada ya kipimo cha swali la 3. Kwenye mkataba, wosia, hati ya kiapo au fomu ya hospitali, usikate hata "and". Weka alama pembeni, mpigie mwenye hati, muulize neno lile liliwekwa na nani. Mara nyingi atakwambia hajui. Basi muulize wakili wake.